Sura ya 6: Alama ya Mjomba

Kila anayepanda gari langu kwa mara ya kwanza hufanya jambo lile lile. Huketi, akafunga mlango, akapeleka mkono begani, akaushika mkanda na kuuvuta. Mkanda hauji. Huvuta tena kwa nguvu, akidhani umekwama. Haukukwama; hauna pa kutokea. Ndani ya nguzo ya mlango hamna rili wala springi. Mkanda wote ni huo anaouona, umetundikwa kwenye kulabu kama kamba ya mbuzi, na urefu wake ni ule ulioachwa na mtu wa mwisho aliyeketi pale.

"Sasa nifanyeje?" huniuliza.

"Ulegeze kwanza. Ujifunge. Halafu ukaze."

"Na simu ikianguka chini?"

"Itangoja mpaka tufike."

Gari lenyewe ni Volvo 122S ya mwaka 1964. Kwao Uswidi huitwa Amazon, lakini kwingineko Volvo iliuza kwa namba tu, kwa kuwa Kreidler, watengenezaji wa pikipiki wa Ujerumani, walikuwa tayari na haki ya jina hilo. Mjomba wangu alilinunua Mombasa mwaka 1971 kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, akaliendesha mpaka macho yalipomkataza. Nimelirithi pamoja na jeki yake, mwavuli mmoja uliovunjika, na mikanda miwili ya mbele ambayo ilikuwa haijawahi kubadilishwa.

Mikanda hiyo ndiyo iliyonifanya niandike sura hii. Juu ya utepe ule wa zamani wa upande wa dereva kuna mstari. Kile kibano cha chuma cha kurekebishia urefu kilikaa mahali pamoja kwa zaidi ya miaka thelathini, kikauchora utepe. Sehemu iliyokuwa ikipigwa na jua imechujuka na kuwa rangi ya majivu, na ile iliyofichwa na kibano bado ni nyeusi. Ukikiweka kibano kwenye mstari ule, mkanda unakuwa na urefu wa tumbo la mjomba, si la mtu mwingine yeyote. Upande wa abiria pia kuna mstari, ila uko mbali sana na ule wa kwanza. Huo ni wa mkazamjomba, mwanamke mwembamba kama ufito, na kila abiria aliyeketi pale baada yake hakuwa na budi kuulegeza kabla ya kupumua.

Mtu aliyezoea magari ya leo hapati nafasi ya kulifikiria hili. Mkanda wa rili humfuata kila anayeketi na kumsahau akishuka. Mkanda wa kale unabaki na umbo la aliyetangulia, na usipojishughulisha kuurekebisha utasafiri ndani ya umbo la mtu mwingine. Wengi hawakujishughulisha.

Mikanda ya kwanza kuuzwa kwenye magari ya kawaida ilikuwa ya kiunoni tu. Marekani, kampuni ya Nash iliitoa mwaka 1949. Ford waliileta kwa magari yao ya mwaka 1956 pamoja na dashibodi iliyotandikwa sponji na usukani ulioingia ndani katikati ili usimchome dereva kifuani. Wazo lilitoka kwenye ndege: mfunge mtu kwenye kiti asirushwe nje. Na kweli harushwi. Lakini mwili uliofungwa kiunoni peke yake hujikunja kama kisu cha mfukoni. Miguu na nyonga vinabaki, kifua na kichwa vinakwenda mbele mpaka vikutane na chuma. Na kama mkanda umepanda juu ya tumbo badala ya kukaa kwenye mifupa ya nyonga, basi kinachoubeba uzito wote ni utumbo na uti wa mgongo.

Waswidi nao walijaribu njia yao. Kabla ya mwaka 1959 Volvo walikuwa na mkanda wa kukatiza kifuani, kutoka begani hadi upande wa pili, na bizimu lake likakaa usawa wa mbavu. Ukigonga, bizimu hilo huzama pale pale palipo na ini na wengu.

Mwaka 1958 Volvo waliajiri mhandisi aliyeitwa Nils Bohlin. Alitoka Saab, na kazi yake huko ilikuwa viti vya kumrusha rubani nje ya ndege inayoanguka. Mtu wa viti vya namna hiyo anajua mambo mawili. La kwanza, mwili wa binadamu unaweza kuhimili nguvu kubwa ajabu mradi iupate mahali penye mifupa. La pili aliligundua alipohamia kwenye magari: rubani atakubali kufungwa mikanda minne kwa sababu anajua anakokwenda, lakini mtu anayekwenda sokoni hatakubali hata usumbufu wa dakika moja. Kwa hiyo Bohlin alitafuta mkanda ambao mtu angeufunga kwa mkono mmoja.

Jibu lake ni rahisi mpaka unashangaa kwa nini halikuonekana mapema. Utepe mmoja unashuka kutoka kwenye nguzo ya mlango, unakatiza kifua, unapita kwenye kichwa cha chuma kinachonaswa kando ya kiti, kisha unarudi juu ya mapaja hadi sakafuni upande wa mlango. Ukiutazama kutoka mbele, una umbo la V lililolala ubavu, na ncha ya V iko chini, pembeni mwa nyonga. Siri iko kwenye ncha hiyo. Bizimu haliko tena juu ya tumbo, na utepe ukivutwa unabana mifupa ya kifua na ya nyonga kwa pamoja, bila kupanda wala kuteleza. Tarehe 13 Agosti 1959 gari la kwanza lenye mkanda huo, Volvo PV544, lilikabidhiwa kwa wakala katika mji wa Kristianstad, kusini mwa Uswidi. Volvo walichukua hataza, kisha wakaiacha wazi ili kampuni nyingine ziutumie mkanda huo bila malipo.

PV544 haikuwa ngeni kwetu. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za East African Safari wakiwa na gari la aina hiyo hiyo, tena lililokwisha kutumika. Mjomba alikuwa akisimulia ushindi ule kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisoma ramani, na nadhani ndio uliomfanya achague Volvo badala ya Peugeot zilizojaa mtaani wakati ule.

Sasa nirudi kwenye gari na kazi ya kuishi nalo.

Mkanda usio na rili ukikazwa sawasawa unakugandisha kwenye kiti. Mabega hayaendi mbele. Choki iko kwenye dashibodi, swichi ya taa iko kwenye dashibodi, ya waipa vilevile, na mikono yangu ni mifupi kuliko ya Mswidi aliyepimwa pale kiwandani. Wiki ya kwanza nilitoka nyumbani nikiwa nimejifunga vizuri kabisa, nikafika barabara kuu, nikatambua kwamba choki bado imevutwa. Injini inabwia mafuta, moshi mweusi nyuma, bodaboda wanapiga honi. Nilijinyoosha, vidole vikaishia karibu tu na kifundo cha choki, visikifikie. Ikabidi niegeshe kando, nijifungue, nisukume choki, nijifunge upya.

Siku hizi nina utaratibu, na siuvunji. Natia ufunguo, navuta choki, nawasha. Naweka kioo cha kati, nateremsha dirisha, nafungua kile kidirisha kidogo cha pembe tatu kwa ajili ya upepo. Nasikiliza injini mpaka itulie, narudisha choki. Kama magharibi inakaribia nawasha taa hapo hapo. Ndipo najifunga. Mke wangu husema naondoka nyumbani kama rubani, na kwa kuwa mkanda wenyewe ulitengenezwa na mtu wa ndege sioni kosa.

Kivuko cha Likoni ndicho mtihani. Foleni inasogea, unasimama, inasogea. Unafika kwenye kibanda cha kulipia, na pesa ziko mfuko wa kanzu, na mfuko wa kanzu uko chini ya utepe wa mapaja. Mwenye gari la kisasa angejivuta kidogo, mkanda ukamfuata, akalipa akaenda. Mimi nilikuwa nikipapasa kama mtu anayewashwa, nyuma yangu watu wanauliza kulikoni. Sasa pesa za kivuko hukaa kwenye kisahani kidogo nilichokigandisha kando ya kiti. Nikishateremka kwenye kivuko najifungua kabisa, kama wanavyofanya wengi, maana juu ya maji hakuna anayetaka kufungwa kwenye chuma.

Na Ijumaa je? Mkanda ule ukikazwa juu ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, utashuka msikitini na mstari wa mshazari kutoka bega hadi nyonga, mkunjo na vumbi la nusu karne pamoja. Niliwahi kuufua utepe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, mara tatu. Nisingemshauri mtu atumie dawa ya kufanya nguo ziwe nyeupe. Kemikali kali hula nyuzi.

Usumbufu huu ndio uliomfundisha mjomba kukiweka kibano mahali pamoja na kukiacha. Ndio uliowafundisha wengine jambo baya zaidi: kuulegeza. Ukiacha nafasi ya kiganja kati ya utepe na kifua, choki inafikika, mfuko unafikika, kanzu haikunjiki. Umejifunga kwa mujibu wa sheria, na polisi akichungulia ataona mkanda. Nami nilifanya hivyo kwa miezi kadhaa, mpaka jioni moja nilipochukua kalamu nikapiga hesabu.

Chukulia gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa mjini. Hizo ni karibu mita 14 kwa sekunde. Linagonga kitu kisichosogea, na pua yake inabonyea nusu mita kabla ya kusimama kabisa. Muda wote wa kusimama ni kama sekunde 0.07. Kwa muda huo mtu wa kilo 70 aliyekaziwa vizuri anasimama pamoja na gari, na mkanda unambeba kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 1,400 hivi. Ni nyingi, lakini imegawanywa juu ya kifua na nyonga, na utepe umefumwa ili unyooke kidogo na kuipunguza makali.

Sasa legeza sentimita 10 tu. Gari limeanza kusimama, wewe bado. Unaelea mbele ukiwa na mwendo wako ule ule wa kilomita 50 mpaka umalize zile sentimita 10, na hilo huchukua zaidi ya sekunde 0.03. Karibu nusu ya muda wa kusimama imekwisha kabla mkanda haujakugusa. Unapokugusa, gari limeshapunguza mwendo na wewe hujapunguza. Tofauti kati yenu ni kama kilomita 22 kwa saa, na yote inabidi imalizwe kwa muda mfupi uliobaki. Mkanda ule ule, gari lile lile, ila umeupa pigo la ghafla badala ya mvuto. Na kichwa kimeshasogea sentimita 10 karibu na usukani ambao hauna sponji.

Tangu jioni ile nakaza. Kidole kimoja kinapita kati ya utepe na kifua, viwili havipiti.

Mwaka 1967 Volvo walitoa matokeo ya uchunguzi wa ajali zaidi ya 28,000 za magari yao nchini Uswidi. Miongoni mwa waliofunga mkanda wa Bohlin hakuna aliyekufa katika ajali ya mwendo wa chini ya maili 60 kwa saa, yaani kilomita 96 hivi. Wasiofunga walikufa hata kwa maili 12 kwa saa, mwendo ambao kijana mwenye baiskeli anaweza kuufikia. Ikumbukwe kwamba hiyo ilikuwa mikanda kama ya kwangu, isiyo na rili. Utepe ule haukuwa dhaifu. Shida yake ilikuwa kwamba uliomba kazi nyingi mno kutoka kwa mtu mwenye haraka.

Wamarekani ndio waliofika mbali zaidi katika kumsumbua mtu huyo. Magari yao yalipoanza kulazimishwa kuwa na mikanda ya bega mwaka 1968, mengi hayakufuata utepe mmoja wa Bohlin. Mkanda wa kiunoni ulikuwa wake, wa begani wake, kila mmoja na bizimu lake na kibano chake. Wa begani ulikunjwa na kubanwa darini juu ya mlango, na katika magari mengi ya miaka ile ukiyakuta leo bado umebanwa pale pale, mpya, na mikunjo ya kiwandani. Nani angeushusha kila asubuhi? Kisha wakaja na dawa iliyozidi ugonjwa. Magari ya mwaka 1974 yaliunganishwa kwa waya ili injini isiwake mpaka waliokaa mbele wamejifunga. Ukiweka mfuko wa viazi kwenye kiti cha abiria, gari liliona abiria asiyejifunga, likagoma. Watu wakafunga mikanda mifuko ya viazi, au wakafunga mikanda juu ya kiti kitupu na kuikalia. Kelele zikawa nyingi hivi kwamba Oktoba mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipiga marufuku sharti la namna hiyo.

Wakenya wenzangu wasicheke sana. Februari 2004, zilipoanza kutekelezwa zile kanuni zinazoitwa mpaka leo Sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi John Michuki, kila kiti cha matatu kilitakiwa kiwe na mkanda. Mafundi wa viti walishona usiku na mchana. Na mkanda waliotufungia ulikuwa upi? Ule wa kiunoni, usio na rili, wenye kibano. Nchi nzima ilipandishwa kwenye wazo la mwaka 1949. Ukiketi, uliukuta na urefu wa abiria aliyeshuka Mtwapa: ama mpana kama wa mama aliyekuwa na kikapu mapajani, ama wa mtoto wa shule. Na uchafu! Niliona wanawake wakiushika kwa ncha za vidole na kuuweka juu ya leso ili usiguse nguo. Watu walikaa bila kujifunga mpaka konda apige bati na kuita, "Mikanda, mikanda, karao mbele!" Hapo ungesikia vyuma vikilia gari zima, kila mtu akiunganisha bila kukaza. Kizuizi kikipita, vyuma vinalia tena.

Siwalaumu. Mkanda ambao haukukaa kwenye mwili wako huuamini.

Nikaamua kukagua vifungo vya mikanda yangu. Utepe unaweza kuwa imara kuliko chuma ulichofungwa kwacho, hasa gari likiwa limekaa miaka hamsini kwenye hewa ya chumvi. Niliondoa kapeti upande wa dereva. Bolti ya sakafuni ilikuwa imevaa kutu kama koti. Niliimwagia mafuta mepesi siku mbili, fundi wa jirani akaja na spana ndefu, ikakatika kichwa. Tukaitoboa, ikatoka. Siku ya pili fundi akarudi na bolti mpya inayong'aa, akaiingiza kwa vidole viwili.

"Saizi yake hasa, mzee. Tazama inavyoingia."

Iliingia vizuri kupita kiasi. Bolti za mikanda ya magari zina kipimo chao, inchi 7/16 zenye meno 20 kwa inchi, na kipimo hicho kimeshikiliwa na watengenezaji wengi hata katika magari ambayo kila kitu kingine ni milimita. Ya fundi ilikuwa ya milimita 10. Nafasi kati ya jino na jino ni milimita 1.25, na katika ile ya inchi ni 1.27, kwa hiyo zinapatana kwa mkono kama ndugu. Ila bolti ni nyembamba kwa zaidi ya milimita nzima, na meno yanagusana kwenye ncha tu. Nilimwomba koleo. Nikaibana bolti kichwani, nikavuta bila kuzungusha. Ikatoka kama jino la mtoto.

Fundi aliitazama kwa muda, akaigeuza kiganjani. "Hii ingetuua," akasema, kisha akaenda kutafuta ya inchi. Aliipata kwenye sanduku la mabaki ya viti vya basi.

Ni yeye huyo aliyenishauri niachane na "kamba za babu" na kuweka mikanda ya rili. Alikuwa nayo, ya Corolla moja iliyogongwa. Hapo nilikataa. Mkanda uliokwisha kubeba mtu katika ajali umenyooka. Nyuzi zake zimefanya kazi yao ya mara moja, na mahali pake ni jalalani. Lakini nilitaka kuona, basi nikamruhusu aufunge kwa muda upande wa abiria. Aliilaza rili kwenye mwinamo wa sakafu, akakaza, akavuta utepe. Haukuja hata inchi. Akavuta kwa mikono yote miwili. Mkanda uligoma kama mbuzi mbele ya maji.

Haikuwa mbovu. Ndani ya rili ya aina ile mna gololi ndogo iliyokaa kwenye kijisahani. Gari likifunga breki, gololi inapanda ukingo na kusukuma kidole cha chuma kinachozuia gurudumu la meno. Rili lazima isimame wima, kama ilivyosimama kwenye gari ilikotoka. Ukiilaza, gololi inaanguka ukingoni na kubaki hapo. Rili inaamini gari linafunga breki milele. Tulipoinua gari upande mmoja kwa jeki mpaka rili ikakaribia kuwa wima, utepe ukaja laini kama hariri. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Wenye magari ya kale wanaotaka rili hununua zile zilizotengenezwa kwa mwinamo wa nguzo zao, na wengi hawajuti. Kwa mtu anayebeba abiria tofauti kila siku, nami ningemshauri hivyo.

Mimi nimebaki na mkanda usio na rili, ila si ule wa zamani. Jua la pwani linaua nyuzi. Niliukunja utepe wa mjomba kwenye ule mstari na kuuangalia kwa kioo cha kukuzia: upande wa majivu nyuzi za juu zilikuwa zimesimama kama manyoya, na nilipozikwangua kwa ukucha zikatoka unga. Mkanda wa namna hiyo ni pambo. Niliagiza mipya kutoka Uingereza, ya mtindo ule ule, utepe mweusi na kibano cha chuma. Huko kuna warsha ndogo zinazoishi kwa kazi hiyo, maana Uingereza ina magari mengi ya kale na sheria yao ni ya busara: gari lililosajiliwa kabla ya 1965 na halikuwahi kuwa na mikanda halilazimishwi kuwa nayo, lakini mtoto wa chini ya miaka mitatu haruhusiwi kulipanda kabisa.

Kiti cha nyuma cha gari langu hakina mikanda. Matundu yapo sakafuni chini ya kiti, yamezibwa kwa plastiki tangu kiwandani, na sijapata fundi ninayemwamini wa kuyakagua. Mpaka nimpate, watoto hawapandi. Wamelia, wamenuna, mmoja amekwenda kunishitaki kwa bibi yake. Nyuma hukaa mwavuli uliovunjika.

Mikanda mipya ilipofika niliifunga mwenyewe, bolti saba kwa kumi na sita kila upande, kisha nikaenda kumchukua mkazamjomba kwake Kisauni. Alikuwa hajalipanda gari tangu mazishi ya mjomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alisimama kwanza akalizunguka, akagonga boneti kwa vidole, akaingia. Niliunasisha mkanda wake kwenye nundu ya katikati na kuvuta kibano kwa makisio. Utepe mpya ulikuwa mgumu na unanuka kiwanda, na hauna mstari. Alipitisha kiganja chini yake, akatikisa kichwa.

"Bado," akasema. "Kaza. Mjomba wako alikuwa akikaza zaidi."